Chupa ya Siku ya Salongo

Placide alizungumza na ukuta kwa saa nzima. Hakuwa na wazimu. Huku kwetu Bushi mkwe mwenye adabu hamtazami mama wa mke wake usoni, wala hali chakula mbele yake, wala hamwelekezei maneno moja kwa moja. Basi alikaa kwenye kigoda, mlango wa ua kaupa mgongo, akiieleza picha ya Bikira Maria iliyotundikwa ukutani habari za maji machafu. Mama Eulalie alikuwa uani, anamenya muhogo. Katikati yao, kwenye kizingiti, alisimama Agathe, mke wa mmoja na binti wa mwingine. Aliyapokea maneno huku na kuyatua kule, ingawa nyumba ile ya kijijini Mumosho ilikuwa ndogo na kila mtu alishasikia kila kitu.

"Umwambie maman, kiwanda ya ngozi itamwaga maji yake mu bassin tatu, mabwawa ya kuchimba," alisema Placide. "Ya kwanza, maji inapumzika. Ya pili, tunatia chokaa, ile dawa yao ya kromu inashuka chini pamoja na matope. Ya tatu, maji inatoka safi, inarudi mu kijito. Haiombi courant ya umeme, haiombi mashini."

Agathe akageuka. "Anasema bassin tatu, na chokaa."

"Nimesikia," alisema Mama Eulalie. Kisu chake kiliendelea kumenya. "Mumuulize mukwe: bassin ikijaa matope, nani ataitoa? Na ataitupa wapi?"

Placide nusura ageuke kwa furaha. Lo! Lile ndilo swali la kwanza ambalo mtaalamu wa kweli huuliza, na mainjinia wangapi wenye diploma hawaliulizi! Aliufafanulia ukuta kwamba matope yatakaushwa juu ya mchanga na kufukiwa mbali na maji, na wafanyakazi wawili watalipwa kwa kazi hiyo tu.

Shida ilikuwa shamba. Kutoka kiwandani hadi kijitoni palikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi tambarare, nacho kilikuwa cha Mama Eulalie. Marehemu mume wake alikipata kwa chifu kwa kutoa ng'ombe mzima. Muhogo wake ulikuwa bado mwaka mmoja kukomaa. Lakini hata ungekomaa, ungelowekwa wapi? Wanawake wa pale huloweka muhogo kijitoni siku tatu, nne, mpaka ulainike na kuacha uchungu wake, ndipo huanikwa na kutwangwa unga. Kwa miaka miwili sasa maji yalikuwa yanashuka ya kijani leo, meusi kesho, na muhogo ulitoka mgumu, unanuka ngozi mbichi. Mbuzi wawili walishakufa. Wazungu fulani walikuwa wametoa msaada wa kusafisha maji yale, na commission, kamati ya watu watatu, ilikuwa imeundwa kuchagua njia. Placide, mtu wa maabara ya serikali mjini Bukavu, alikuwa mmoja wao, na alikuwa na hakika mabwawa ndiyo yatakayochaguliwa.

"Umwambie maman," alisema, na hapa sauti yake ikapata kiburi kidogo, "président wa commission ni parrain Barthélemy. Parrain mwenyewe, aliyetusimamia siku ya ndoa. Parrain anaweza kutudanganya sisi?"

Kisu kilinyamaza uani.

"Mumuulize, ni yeye njo anasema?"

"Ni mimi njo nasema, maman," Placide aliuambia ukuta bila kumngoja Agathe.

"Basi. Ile commission siijui. Ule président simujui. Shamba namupa mukwe wangu."

Wiki ile ile akabonyeza kidole kwenye karatasi, akang'oa muhogo wake, mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Majirani walimshangaa. Aliwajibu kwamba mkwe wake ni expert.

*

Hapo mjini, ulikuwa mwaka wa sabini na saba, majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa ofisini, kila mtu aitwe Citoyen, yaani Mwananchi. Placide wa nyumbani aliitwa Citoyen Ntakwinja kazini, na Barthélemy aliitwa Citoyen Président. Wa tatu wao alikuwa Polycarpe wa ofisi ya uchumi, mtu mwema aliyesinzia kila mkutano ulipozidi robo saa.

Mezani kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa mashine ya Ulaya iliyopakwa rangi nzuri, inayotaka umeme mchana na usiku, na unga ambao anayeuuza ni yule yule aliyeiunda. Ya pili ilikuwa mabwawa na chokaa. Ya tatu ilikuwa bomba: hakuna kusafisha, ni kuyachukua maji ya kiwanda jinsi yalivyo na kwenda kuyamwaga mbele.

"Ile ya tatu haiko njia," alisema Placide. "Ni kutoa mavi mbele ya mulango yako na kutia mbele ya mulango ya jirani."

Polycarpe aliamka kwa kicheko. Barthélemy naye alicheka, akamgonga Placide begani.

Placide alifanya kazi, jamani, msimnyime haki yake. Siku kumi na moja za kazi alishuka kijitoni, akachota. Maabara haikuwa na vyombo vya kioo vya kutosha, akatumia chupa za bia zilizochemshwa, akazibandika karatasi: tarehe, saa, rangi, harufu. Maji mengine aliyagawa katika bilauri sita, akatia chokaa: ya kwanza nusu kijiko, ya pili kijiko kizima, akaendelea kuongeza. Kisha akakaa na saa mkononi. Katika bilauri ya nne, kila siku bila kukosa, matope ya kijani yalishuka chini na maji ya juu yakawa meupe, ukiweka gazeti nyuma yake unalisoma. Chupa kumi na moja zilizobaki alizipanga kwenye rafu ya stoo zingoje ndege ya mizigo, ambayo haikuwa na siku maalumu, iende nazo Kinshasa, kwenye maabara kubwa inayoweza kuipima ile kromu yenyewe.

Halafu alichora jedwali la alama. Arobaini kwa kinachosafisha. Ishirini kwa vipuri, kama vinapatikana hapa au ni vya kuagiza. Ishirini kwa uendeshaji, nani ataweza na umeme ukikatika itakuwaje. Kumi kwa matope, kumi kwa bei. Mabwawa yalipata themanini na moja, mashine hamsini na mbili, bomba kumi na saba.

"Placide, mutoto yangu," alisema Barthélemy alipoona jedwali, akisahau ucitoyen kwa makusudi, "kazi kama hii, ata mu Ulaya wangeinamisha kichwa." Akakunja uso kidogo. "Lakini umesahau témoin."

Placide aliona aibu. Kweli! Ukitaka kusema kiwanda ndicho kinachochafua maji, sharti uonyeshe pia maji yalivyo kiwanda kikiwa kimelala. Hiyo ndiyo chupa ya témoin, ya kulinganisha. Na kiwanda kililala siku moja tu, Jumamosi ya Salongo, watu wote wanapoacha kazi zao kwa amri ya serikali wakafyeke barabara.

Jumamosi ile parrain mwenyewe alimpeleka kwa gari lake. Kijito kilikuwa kinateremka cheupe, unahesabu mawe chini. Juu barabarani wanawake wa Mumosho walikuwa wanafyeka, na Mama Eulalie katikati yao. Alipomwona mkwe wake aligeuza uso kwa heshima, lakini Placide aliona jinsi alivyounyoosha mgongo mbele ya wenzake. Akachota, akaandika kwa mkono wake: *Maji meupe, hayana harufu. Jumamosi, Salongo. Témoin.*

Ijumaa iliyofuata commission ilifunga kazi. Françoise, sekretari, alikuwa bado anapiga chapa ripoti, utepe wa mashine umemchosha. Barthélemy alileta ukurasa wa mwisho peke yake, mweupe juu, majina matatu chini.

"Mutie sahihi sasa. Ndege ya barua ni kesho asubuhi, Françoise atajaza."

Polycarpe alisaini. Placide alishika kalamu, akautazama ule weupe wa juu. Lakini utamwambiaje mtu aliyekushika mkono madhabahuni, ngoja kwanza nisome? Ungekuwa umemtemea mate. Alisaini, tena vizuri, kwa mkia mrefu chini ya jina.

Halafu ikaletwa bia, kasie nzima, kreti ya chupa kumi na mbili, jambo la ajabu katika majira yale ya ukosefu. Barthélemy alimmiminia Placide kwanza.

"Kwa maji safi!" alisema.

"Kwa maji safi, parrain!" Placide alijibu, akainywa mpaka tone la mwisho.

*

Wiki ya tatu baada ya sahihi zile Agathe aliingia maabarani, miguu imejaa udongo mpaka magotini.

"Placide, banachimba kwetu."

"Ah! Bassin ya kwanza!" Aliruka kitini. "Nilikuambia nini? Parrain hachelewi."

"Hapana bassin," alisema Agathe. Alikuwa anahema. "Banalaza bomba."

Alimcheka. Haki ya Mungu, alimcheka mke wake, akamwambia wanawake hawajui, mabwawa nayo yana bomba zake. Agathe hakubishana. Alikaa mbele yake kwenye lori la kwenda Mumosho.

Mtaro ulikuwa umelikata shamba la Mama Eulalie katikati, umenyooka kama umepigwa rula. Bomba lilikuwa limeshalazwa. Lilitoka kiwandani, likavuka barabara, likapita pale muhogo uliposimama, na mdomo wake ukaishia juu ya mawe makubwa ya kijitoni, yale yale ambayo chini yake wanawake walizoea kuloweka muhogo. Maji ya kijani yalikuwa yanadondoka tayari.

Msimamizi, Isidore, mtu mpole mwenye kofia ya plastiki, alishangazwa na kelele za Placide.

"Citoyen, lakini ni nyinyi mumechagua." Akatoa karatasi zilizokunjwa mfukoni mwa shati. "Sahihi haiko yako hii?"

Placide alisoma amesimama. *Maji yamepimwa na mtaalamu wa maabara, Citoyen Ntakwinja. Yamekutwa meupe, hayana harufu. Uchafuzi ni mdogo.* Hakuna Jumamosi. Hakuna Salongo. Hakuna témoin. Chupa kumi na moja hazikutajwa hata kwa herufi. Na kwa kuwa uchafu ni mdogo, ripoti iliendelea kwa Kifaransa kizuri, mabwawa hayahitajiki. Jedwali lake lilikuwepo, mistari yake, mpangilio wake, ila alama zimepinduliwa: kinachosafisha, kumi, wepesi wa kufunga, hamsini. Bomba lilishinda. Mstari wa mwisho ulisema mwenye shamba ametoa ardhi kwa hiari, kwa kushawishiwa na familia. Chini yake, ule mkia mrefu.

Sauti ya Mama Eulalie ilisikika ng'ambo ya mtaro, anawauliza wachimbaji kama wanataka maji ya kunywa. Placide hakuthubutu kugeuka.

"Chupa," alimwambia Agathe kwa sauti ya chini. "Niko na chupa kumi na moja. Watasema nini mbele ya chupa?"

Alirudi mjini mbio. Mlinzi wa maabara alikuwa mzee Venant, anaota jua kwenye ngazi. Placide alimpita, akafungua stoo, akatazama rafu. Palikuwa na chupa moja tu, maji meupe kabisa, na mwandiko wake mwenyewe juu yake.

"Venant! Chupa zangu?"

"Zile za bia, Citoyen? Président alituma dereva. Alisema depo haitoi bia kama haukupeleka chupa tupu, na mu muji mzima chupa tupu zimekosa."

"Tupu! Zilikuwa zimejaa!"

"Nilimwaga," alisema Venant, na sasa akawa anaogopa. "Nilifikiri ni maji tu, ya kunuka. Kumi na moja nikampa, ya kumi na mbili akasema iko kwake. Ilikuwa ile Ijumaa, siku ya fête yenu ya bia."

Placide alikaa kwenye ngazi karibu na mzee. Mdomoni mwake ilirudi ladha ya ile bia, baridi, tamu, na ile sauti yake mwenyewe ikisema kwa maji safi.

*

Barthélemy alimpokea sebuleni bila kushtuka, amevaa abacost mpya ya kijivu, lile koti la wakubwa wa serikali. Mkewe, Madeleine, alimsalimu Placide kwa busu kwenye mashavu yote mawili, akamuuliza lini wataleta mtoto mwingine, akatoka.

"Parrain, ulifanya nini?"

"Kaa."

"Sikai. Ulifanya nini?"

Barthélemy alipangusa meza iliyokuwa safi. "Mwenye kiwanda ni mutu wa juu. Unajua juu gani, nisikutajie. Bassin ingekula pesa yote ya msaada. Bomba imekula robo."

"Na robo tatu iko wapi?"

"Placide, usiulize kama mutoto."

"Shamba ni ya mama mukwe yangu! Nilimwambia ni wewe. Nilitaja jina yako mbele ya Bikira!"

"Na ungesoma," alisema Barthélemy, na hapo kwa mara ya kwanza akakasirika. "Nani alikukataza kusoma? Polycarpe ni mujinga, lakini wewe ni expert. Nilikuletea karatasi nyeupe, ukasaini. Nikajua basi, umeelewa."

Maneno hayo yalimchoma Placide kuliko yote. Alisimama pale, mikono imening'inia. Yaani ule upendo wake, ile heshima yake, parrain aliisoma kama kukubali kwa mwizi mwenzake.

"Nitaandika Kinshasa."

"Na chupa gani?"

Placide aliangalia mikono yake mitupu.

"Utaandika nini? Kama expert ulitia sahihi bila kusoma? Watakufukuza wewe, mimi nikiwa bado nimekaa kwenye kiti changu." Alishusha sauti, ikawa tena ile ya siku ya ndoa. "Jina lako nimeliweka la kwanza mu ripoti. Mwezi ujao unakuwa chef de laboratoire, mukubwa wa maabara. Agathe atafurahi. Enda, upumzike."

Placide alienda. Hakuvunja chochote, hakutukana mtu. Njiani alikuwa anatunga majibu makali moja baada ya lingine, nayo yote yalifika yakiwa yamechelewa.

Barua aliianza mara nne. Kila mara alifika kwenye mstari unaosema *nilitia sahihi*, akachana karatasi. Jumatatu iliyofuata alikwenda kazini kama kawaida. Alhamisi barua ya uchef ilifika, akaiweka ndani ya droo ya sebuleni kwake, hakuikubali, hakuikataa. Agathe aliiona pale alipokuwa anatafuta sindano. Akaisoma yote na kuirudisha.

*

Jumapili baada ya misa Mama Eulalie alikuja mjini.

Mama mkwe akija kwa binti yake hupitia jikoni, naye mume wa nyumba hupata ghafla jambo la kufanya kwa jirani. Placide aliposikia sauti yake alishika kofia. Lakini mlango uliofunguliwa ulikuwa ule wa mbele. Mama Eulalie aliingia na kapu lake kichwani, akalitua juu ya meza, akavuta kiti akakaa mkabala naye. Akamtazama machoni.

Miaka kumi na moja ya ndoa, Placide hakuwa amewahi kuuona uso ule. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, na ulifanana na wa Agathe, hasa mdomo. Aliinamisha kichwa haraka.

Mama Eulalie alifunua kapu. Ndani mlikuwa na sahani iliyofunikwa jani la mgomba. Alitoa jani. Bugali, ule ugali wa muhogo, ilikuwa ya rangi ya majivu, ina michirizi ya kijani, na harufu ya ngozi mbichi ikajaa chumba.

"Ni muhogo ile niliong'oa," alisema. "Nililoweka siku nne. Hiyo njo ya mwisho, shamba haina ingine."

Placide alimgeukia Agathe, kama siku zote. "Umwambie maman," alianza, "umwambie maman kama mimi pia nilidanganywa. Umwambie parrain alibadilisha karatasi. Umwambie chupa..."

Agathe alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, pale pale katikati yao. Alimwangalia mume wake. Halafu akaangalia droo.

"Agathe," alisema Placide. "Umwambie."

Agathe alishika upindo wa kitenge chake, akageuka, akaingia jikoni. Mlio wa sufuria ulisikika.

Mama Eulalie aliisukuma sahani taratibu mpaka ikagusa mikono ya Placide.

"Hapana kuhangaika kutafuta wa kunipelekea maneno," alisema. "Mukwe wangu nilimupa shamba, na sijui alienda wapi. Leo sikukuja kwake. Nimekuja kuona mutu wa commission." Akaweka mikono miwili juu ya meza, akasubiri. "Pima, Citoyen."